Sindano Moja Haitoshi: Juu ya Kuwahifadhi Mbwa Wetu na Maradhi ya Parvo

(Mhadhara uliosomwa Tanga mbele ya walimu, wafugaji na wenye mji, na sasa unapigwa chapa kwa ombi la waliohudhuria)



Najua ya kwamba si desturi ya miji yetu ya pwani watu kukusanyika kwa ajili ya kumzungumza mbwa. Tumezoea mihadhara juu ya ilimu ya watoto, juu ya mashamba na bei za mazao, na juu ya siha ya wanadamu, nayo ni mambo yenye haki ya kutangulizwa. Lakini mbwa ndiye akeshaye nje ili sisi tulale ndani; ndiye mlinzi wa nyumba, wa zizi la mbuzi, na wa shamba la mihogo linapovamiwa na ngedere na nguruwe mwitu; na kiumbe atufanyiaye kazi ana haki juu yetu. Wala hatuna haja ya kutoka nje ya mafundisho tuliyolelewa nayo ili kuipata haki hiyo. Hata wale miongoni mwetu ambao sheria ya dini yao huwapasa kujitwahirisha wakiguswa na mate ya mbwa, wamefundishwa tangu chuoni habari za mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akaghufiriwa dhambi zake kwa kitendo hicho. Twahara ni jambo moja, na rehema ni jambo la pili, na yote mawili tumeamrishwa.

Kusudi la mhadhara huu ni kuwathibitishieni neno moja, nalo ni hili: maradhi ya parvo hayawaui watoto wa mbwa wetu kwa sababu ulimwengu umekosa njia ya kuyazuia, bali huwaua kwa sababu sisi twadhani kwamba sindano moja ndiyo chanjo, na twadhani kwamba ua lililofagiwa ndilo ua lililo safi. Dhana hizi mbili zikiondoka, vifo vitapungua katika kila mtaa. Nitaleta hoja tano, moja baada ya nyingine, na mwisho nitakuwa na maombi machache.

1. Maradhi haya ni mapya, na desturi za zamani hazikuyajua

Nimewasikia wazee wengi wakisema, nami nawaheshimu kwa kusema kwao, ya kwamba mbwa wa baba zao waliishi wakazeeka pasina kuchomwa sindano hata moja. Neno hilo ni la kweli, lakini sababu yake ni kwamba maradhi yenyewe hayakuwako. Ulikuwa mwaka 1978 ndipo madaktari wa wanyama wa Marekani, wa Ulaya na wa Australia walipoanza kuona mbwa wakianguka kwa wingi kwa kutapika na kuharisha damu, na baadhi ya watoto wao wadogo wakifa ghafula kwa moyo kuharibika. Damu za mbwa zilizokuwa zimehifadhiwa Ulaya tangu katikati ya miaka ya 1970 zilipochunguzwa baadaye, zilionekana kuwa tayari na alama za kukutana na kirusi hicho. Basi kilikuwa kikitembea kwa siri kabla ya kujulikana. Na kilipodhihiri, hakikuhitaji zaidi ya kama miaka miwili kuuzunguka ulimwengu mzima.

Asili yake ni katika kirusi cha paka, ama katika ndugu yake wa karibu anayekaa katika jamii ya wanyama walao nyama. Mabadiliko machache tu katika ganda lake yalitosha kumfungulia mbwa mlango ambao hapo kwanza ulikuwa umefungwa. Kwa kuwa hapakuwa na mbwa hata mmoja duniani mwenye kinga, wakubwa na wadogo walikufa pamoja, na madaktari, kwa dhiki iliyowapata, wakaanza kuwachanja mbwa kwa chanjo ya paka, wakiutegemea udugu wa virusi viwili hivyo. Jitihada za wataalamu, na hasa za Leland Carmichael na Max Appel wa Chuo Kikuu cha Cornell huko New York, ndizo zilizoleta katika miaka michache chanjo ya mbwa yenyewe. Kirusi nacho hakikutulia: kimebadilika sura mara kadhaa tangu siku zile, na aina moja mpya ilijulikana Italia mwaka 2000, lakini chanjo nzuri za leo zingali zikimkinga mbwa na aina zote hizo.

Naomba mnivumilie nilete mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa ni mfano ulio wazi kuliko wowote wa karibu ninaoujua. Katika Ziwa Superior la Marekani kuna kisiwa kiitwacho Isle Royale, ambacho ni hifadhi ya wanyama, na wageni hawaruhusiwi kufika na mbwa wao. Mwaka 1980 kisiwani humo walihesabiwa mbwamwitu 50. Mwaka 1982 walibaki 14. Wachunguzi walikuta kwamba parvo ilikuwa imeingia, nao waonavyo ni kwamba ililetwa na mbwa wa mgeni aliyeivunja amri. Kisiwa kizima, chenye maji baridi pande zote, hakikuweza kujihifadhi na kosa la mtu mmoja. Basi sisi, ambao mbwa wetu hupita vichochoroni toka alfajiri hata usiku, tutajihifadhi kwa nini, ikiwa si kwa maarifa?

2. Parvo huua kwa haraka, na huenea kabla ya kujulikana

Kirusi hiki ni kidogo kupita kiasi: kipenyo chake ni kama nanomita 25, hata vikipangwa safu moja 40,000 ndipo vitimize milimita moja. Kwa udogo huo kimekosa baadhi ya vyombo vya kujizalisha, basi hakiwezi kuzaana ila ndani ya chembe ya mwili ambayo yenyewe imo katika kujigawanya. Ndiyo sababu hukimbilia pale ambapo mwili hujijenga upya kwa kasi: katika utando wa utumbo mwembamba, katika uboho wa mifupa, na katika tezi za kinga, na ndiyo sababu pia humwandama zaidi mtoto, ambaye mwili wake wote umo katika kukua. Utumbo ukinyimwa chembe mpya, utando wake huchunika, maji na chakula havisharabiwi, damu huvuja, na bakteria ambao siku zote hukaa tumboni pasipo kudhuru hupenya wakaingia katika damu. Na wakati huo huo uboho ulioharibika hauna tena chembe nyeupe za kuwakabili. Mbwa basi hufa kwa mambo mawili yaliyokutana, nayo ni kukaukiwa maji na damu kushambuliwa na bakteria.

Tangu kirusi kuingia kinywani hata dalili kutokea, hupita aghalabu siku 3 hadi 7. Kwanza mtoto hupoa, hujikunyata pembeni, wala hakimbilii sahani yake. Kisha huja homa, kutapika, na kuharisha, mara nyingi damu, kwa harufu mbaya ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Mwenye mbwa hudhani ni minyoo, au mbwa kala sumu ya panya, au kala mzoga. Huenda dukani akanunua dawa ya minyoo, akangoja aone. Na siku mbili za kungoja huko ndizo zilizokuwa siku za kumwokoa. Jambo lililo zito zaidi ni kwamba mbwa huanza kutoa virusi katika kinyesi chake kabla dalili hazijaonekana, na akipona huendelea kuvitoa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo, siku unapoutambua ugonjwa katika ua lako, ua lako limekwisha kuwa na ugonjwa.

Je, hapana tiba? Tiba iko, lakini yafaa tuelewe ni ya namna gani. Daktari wa mifugo humpa mbwa maji ya mshipani yenye chumvi na madini, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki za kuwapinga bakteria wanaojipenyeza, na chakula kidogo kidogo mapema iwezekanavyo. Na hayo yote hayakiui kirusi, bali humshikilia mbwa asianguke hata mwili wake ujenge kinga yake wenyewe. Mbwa wakihudumiwa hivyo usiku na mchana, mahali penye vifaa na watu wa kukesha, hupona wanane au hata tisa katika kila kumi. Wakiachwa bila matibabu, huenda wakafa tisa katika kila kumi. Gharama ya siku tano za matibabu ya namna hiyo hupita mara nyingi gharama ya chanjo zote za utotoni, na maskini huilipa kwa kuuza kitu. Tena nawasihi kwa upole wale wanaompa mbwa mgonjwa dawa za maumivu za binadamu, waache, kwani nyingine ni sumu kwake; na wale wanaomshindilia maziwa mbwa anayetapika, wajue kwamba wanamzidishia taabu. Pesa ya dawa hizo na iwe nauli ya kumfikisha kwa daktari siku ile ile ya kwanza.

3. Chanjo ni ratiba, wala si sindano moja

Hapa ndipo penye shina la maneno yangu, nami naomba nisikilizwe kwa makini.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu mtupu wa kinga. Kinga yake ya kwanza huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ambayo yapasa ayanyonye siku ile ile ya kuzaliwa, kwa kuwa baada ya kama siku moja utumbo wake huacha kuzipitisha kingamwili za mama. Kingamwili hizo si mali yake. Ni za kuazima, nazo hupungua nusu kwa kila siku 10 hivi, hata zikamalizika. Mtoto aliyepewa nyingi na mama yake hukaa nazo muda mrefu. Aliyepewa chache huishiwa mapema. Na katika tumbo moja la watoto sita huenda kila mmoja akawa na hesabu yake.

Kingamwili za mama ni kama bawabu aliyeamriwa kumzuia kila mgeni pasipo kumwuliza jina: humzuia mwizi, lakini humzuia pia na fundi aliyeletwa kuimarisha mlango. Chanjo ya parvo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na ikiingia mwilini wakati kinga ya mama ingali na nguvu, huangamizwa kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Kisha huja majira ya hatari kuu, ambapo kinga hiyo imepungua kiasi cha kushindwa kukizuia kirusi cha mtaani, ambacho kina nguvu, lakini ingali yatosha kuiangamiza chanjo, ambayo ni dhaifu. Wiki hizo mtoto hana mlinzi. Na kwa kuwa hapana mtu awezaye kujua kwa kumtazama ni wiki zipi, ndipo ilipopasa kuirudia chanjo mara baada ya mara, ili siku ile kinga ya mama itakapoondoka, pasipite muda mrefu kabla ya sindano nyingine kumkuta.

Kanuni iliyokubaliwa na Chama cha Ulimwengu cha Madaktari wa Wanyama Wadogo ni kwamba chanjo ianze mtoto akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, wala isikome mpaka atimize wiki 16 au azidi. Kisha apewe nyingine akifikia kama miezi sita au mwaka mmoja, ili yule ambaye zilizotangulia hazikumshika asikoswe. Na baada ya hapo haihitajiwi mara nyingi kuliko kila baada ya miaka mitatu. Tuhesabu pamoja, ili jambo hili lisibaki maneno matupu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari, katika mwaka wa siku 365, hutimiza wiki 8 tarehe 26 Februari. Hutimiza wiki 12 tarehe 26 Machi. Na hutimiza wiki 16 tarehe 23 Aprili. Ikiwa alichomwa sindano tarehe 26 Februari tu, na mwenyewe akaweka kadi yake kabatini kwa utulivu wa moyo, basi huenda mbwa huyo hakuchanjwa kabisa, ijapokuwa kadi ina muhuri. Katika sindano zote, isiyosameheka kukosekana ni hiyo ya tarehe 23 Aprili. Tazameni pia kwamba kwetu huo ni wakati wa masika, maji yakitiririka toka ua hadi ua, yakichukua kila kilichomo.

Yako makosa mengine matatu ambayo yapasa niyataje. La kwanza ni kudhani kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa humkinga mbwa na parvo. Wengi wetu huwapeleka mbwa wao kila ijapo kampeni, aghalabu karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani, na jambo hilo ni la fardhi na la kusifiwa, kwa kuwa maradhi hayo humwua na mwanadamu. Lakini chanjo hiyo haifanyi lolote juu ya parvo. Ulizeni siku zote: hii ni chanjo ya nini? La pili ni kupuuza ubaridi. Chanjo hii yapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi tangu kiwandani hata mkononi mwa daktari, na unga wake ukichanganywa na maji yake utumiwe papo hapo. Chupa iliyoachwa kwenye kaunta adhuhuri ya Februari, hapa petu Tanga, imekwisha kuwa maji tu. Si utovu wa adabu kumwuliza daktari chupa ilikuwa wapi. Daktari mwema hufurahi kuulizwa. La tatu ni kumsahau mama. Jike na akamilishiwe chanjo kabla ya kupandwa, wala si akiwa na mimba, ili dang'a yake iwe na kitu cha kuwapa watoto.

Wako wanaosema wanamhurumia mtoto kwa maumivu ya sindano nyingi. Wazee wetu wamekwisha kuwajibu: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

4. Ua lililofagiwa si lazima liwe ua lililo safi

Virusi vingi ni vyepesi kufa vikiwa nje ya mwili, kwa kuwa vimefunikwa na ngozi ya mafuta ambayo sabuni huiyeyusha. Parvo haina ngozi hiyo. Kwa sababu hiyo, ndani ya nyumba hudumu miezi miwili au zaidi, na katika udongo wenye kivuli na unyevu huweza kudumu miezi mingi, hata kufikia mwaka. Sabuni hukiondoa kirusi mkononi kwa kukisukuma na maji, lakini haikiui; spiriti haikiui; na zile dawa zenye harufu nzuri tunazotia katika maji ya kuogea na ya kupigia deki hazitoshi. Mbwa mwingine huletwa katika kibanda kilichooshwa kwa mojawapo ya hizo, mwenyewe akiwa na yakini kwamba ameondoa uele, na baada ya wiki moja mbwa huyo naye analala chini.

Dawa iliyo karibu nasi na yenye nguvu ni jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Lakini ina adabu zake nne. Kwanza, kinyesi, matapishi na uchafu wote uondolewe, na mahali paoshwe kwa sabuni na maji, kwa kuwa jiki hupoteza nguvu yake juu ya uchafu kabla ya kukifikia kirusi. Pili, ipimwe sawasawa: kanuni inayotajwa mara nyingi ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 30 za maji, nayo ni kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 5 au 6; lakini ikiwa kibandiko cha chupa yako kimeandikwa asilimia 3.5, kama zilivyo nyingi katika maduka yetu, basi tia sehemu moja kwa sehemu 20. Tatu, mahali pabaki pamelowa kwa dakika 10 kamili, ndipo pasuuzwe. Na mchanganyiko uwe wa siku hiyo hiyo, kwa kuwa uliolala na uliokaa juani umedhoofika. Nne, isichanganywe kabisa na asidi ya chooni wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoa hewa yenye sumu. Na mbwa watolewe mahali hapo mpaka pakauke. Adabu hizi ni za saruji, vigae, bati, mabakuli na minyororo. Tandiko la gunia na mkeka aliolalia mgonjwa ni heri vichomwe moto.

Juu ya udongo, jiki haifai kitu, kwa kuwa udongo wenyewe huimeza. Ua la mchanga lataka njia nyingine: kinyesi kiokotwe kila siku kwa koleo na kufukiwa shimo refu au kutumbukizwa chooni, vichaka vikatwe ili jua liingie, kwani jua na ukavu hukipunguza kirusi kidogo kidogo, na maji ya mvua yachimbiwe mfereji yasitwame. Mabibi ambao kila alfajiri nasikia fagio zao za chelewa nikipita mitaani, nawaomba wakiokote kinyesi kwanza ndipo wafagie. Kwa maana kinyesi kikavu kikifagiwa hutawanyika uani kote, kikaingia na katika nyayo za watoto. Tena katika ua ambamo mbwa alikufa kwa parvo, asiletwe mtoto asiyetimiza chanjo zake, hata miezi ikipita mingi. Mwenye haraka ya kupata mlinzi na achukue mbwa mzima aliyekwisha kukingwa.

Lisisahaulike kwamba kirusi hiki hakina miguu, ila hupanda miguu yetu. Viatu, magurudumu ya baiskeli, pindo za nguo, mikono iliyompapasa mbwa wa jirani, hata nzi na panya, vyote huweza kukichukua. Mgeni atokaye penye msiba wa mbwa asiingie penye watoto wa mbwa kabla ya kuvua viatu na kunawa. Na mbwa mpya, hata akionekana mzima, atengwe na wenzake kwa wiki mbili, na mwenye kuwahudumia wote aanze na wazima ndipo amwendee aliyetengwa.

5. Kinga ya mbwa mmoja ni amana ya mtaa mzima

Kabla sijaendelea, niwaondolee hofu wazazi: parvo ya mbwa haimwambukizi binadamu. Maradhi ya wanadamu yenye jina la namna hiyo ni ya kirusi kingine. Lakini aina zilizozuka baada ya ile ya kwanza huweza kumwingia paka, na kwa hiyo hata nyumba isiyofuga mbwa ina sehemu yake katika jambo hili.

Kila mbwa aliyekingwa kwa ukamilifu ni njia moja iliyofungwa. Asipougua hatoi virusi kwa wingi kichochoroni, na kichochoro kisipotiwa virusi vipya, udongo wake hujisafisha pole pole kwa jua. Kinyume chake, nyumba kumi zikichanja na nyumba mbili zikakataa, hizo mbili hulisha ugonjwa kila mara zinapoleta watoto wapya, na wale watoto wa nyumba kumi ambao wamo katika zile wiki zisizo na mlinzi ndio watakaolipa. Ndiyo maana nikasema ni amana: wewe wamhifadhia jirani yako mbwa wake, naye akuhifadhia wako.

Taksiri kubwa iko kwa wauzaji. Watoto wa wiki nne au tano, waliotengwa na mama yao kabla ya wakati, hupakiwa kikapuni, wakasafirishwa kwa basi kutoka mkoa hadi mkoa, wakauzwa kando ya barabara kwa bei kubwa ikiwa wana sura ya Rottweiler au ya German Shepherd. Na kwa bahati mbaya, jamii hizo mbili zimo katika zile ambazo madaktari wamekuta zikidhoofishwa zaidi na parvo. Mnunuzi hupewa kitambaa chekundu cha shingoni, wala hapewi kadi ya chanjo. Biashara ya kiumbe hai bila ya dhamana ya siha yake si biashara ya insafu.

Nchi yetu imekwisha kuona jinsi maradhi ya mbwa wa nyumbani yanavyovuka mipaka. Mwaka 1994, distempa, maradhi mengine ya mbwa, iliingia katika Serengeti, ikawaua takriban theluthi moja ya simba. Na tangu hapo mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kichaa, distempa na parvo. Ikiwa wanakijiji walio mbali na lami wameweza kuleta mbwa wao wakiwa wamefungwa kamba za katani, wakasimama safu juani kungoja zamu, sisi wenye daktari wa mifugo mjini tuna udhuru gani?

Maombi yangu

Waheshimiwa, sitaki tuagane kwa kusifiana tu. Ninayo maombi manne, na yote yawezekana katika mwaka huu.

Kwa wenye mbwa: kila nyumba iwe na daftari ndogo yenye tarehe ya kuzaliwa ya kila mbwa, na siku ile ile anapozaliwa au anapoletwa, ihesabiwe na iandikwe tarehe ya wiki ya 16. Kwa madaktari wetu wa mifugo: tuwe na Jumamosi moja ya kila mwezi, inayojulikana na watu wote, ambayo wenye watoto wa mbwa hukutana pamoja, ili chupa zifunguliwe kwa wengi na gharama igawanywe. Kwa viongozi wa mitaa: zijapo kampeni za kichaa cha mbwa, tuombe ruhusa na tuchange, ili chanjo ya parvo itolewe papo hapo kwa watoto wa mbwa waliofikia umri, kwani meza ni ile ile na mbwa wamekwisha kufika. Na kwa wauzaji: asiuzwe mtoto chini ya wiki 8, wala bila ya kadi yenye tarehe ya sindano ya kwanza na ya sindano zilizobaki; na sisi wanunuzi tukubaliane kwamba asiye na kadi hatununui kwake.

Walimu walioko hapa wameniahidi kuwafundisha wanafunzi hesabu ya wiki hizo darasani, nami nimefurahi kuliko niwezavyo kueleza, kwa kuwa katika nyumba zetu mtoto ndiye mara nyingi amlishaye mbwa, naye ndiye wa kwanza kuona kwamba leo hakula. Watoto hao wakikua na maarifa haya, hawatahitaji mhadhara wa pili. Masika yajayo tuhesabu pamoja watoto wa mbwa waliozaliwa katika mitaa yetu na waliofikia wiki ya 16 wakiwa hai, tuiandike hesabu hiyo, na mwaka utakaofuata tuilinganishe na nyingine. Hapo ndipo tutakapojua kama tumetenda au tumesema tu.